Mlolongo wa Kumtafuta Kocha, Ruring'u

Kocha wetu wa zamani alituacha wakati wa baridi ya mwezi wa saba, akarudi kwao Doldol kufuga mbuzi. Alisema mbuzi mkaidi unaweza kumpeleka sokoni, lakini mchezaji mkaidi utakaa naye hadi amalize masomo. Watu walicheka, wakamnunulia blanketi, wakamsindikiza hadi stendi. Kisha wakarudi hotelini kwangu, wakaagiza chai, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshaanza kugombana kuhusu nani atachukua nafasi yake.

Hoteli yangu iko karibu na uwanja wa Ruring'u, upande wa barabara inayokwenda chuoni. Nauza chai, mandazi, ndengu na chapati, na siku za mechi napika githeri ya mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Timu ninayoizungumzia ni ya chuo cha ufundi, vijana wanaojifunza umeme, useremala na kuchomelea vyuma. Lakini mashabiki wake si wanafunzi peke yao. Ni watu wa hapa hapa, wa bodaboda, wa mitumba, makanika, walimu waliostaafu, na wengine hawajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho hata siku moja. Timu ikifungwa hawali. Nimewauliza miaka mingi ni kwa nini, kila mmoja akanipa jibu lake, na hakuna hata moja lililoniingia akilini.

Mimi sababu yangu ilijulikana. Mume wangu ni mwalimu wa kuchomelea vyuma katika chuo hicho, na tangu watoto wetu wakiwa wachanga amekuwa msaidizi wa kocha. Msaidizi, kwa wasiojua, ni mtu wa kujaza mipira upepo, kufunga miguu bandeji, kutafuta jezi iliyopotea, na mchezaji akifiwa, kwenda matangani. Makocha walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Kila mmoja alipofungasha virago nilisema moyoni, haya, sasa ni zamu yake. Na kila mara chuo kikaleta mtu kutoka kwingine. Safari hii nilitaka apewe ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Na safari hii kulikuwa na njia. Mkuu wa chuo alikuwa amechoka, maana kila kocha aliyemchagua yeye, mashabiki walimzomea kabla hata hajavua koti. Akawaambia wamletee jina moja, naye atalikubali. Wakimletea mawili atachagua mwenyewe, na asisikie mtu akinung'unika.

Jina moja! Kuwaambia watu wa Nyeri walete jina moja ni kama kuwaambia kuku kumi watage yai moja. Mwenyekiti wa mashabiki ni karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, mtu ambaye hawezi kunywa chai bila ajenda. Aliita mkutano hotelini kwangu jioni ya Jumatatu. Wakafungua kwa maombi, maana hapa kwetu hata kikao cha kuchimba choo kinafunguliwa kwa maombi, kisha wakaanza kurushiana maneno kabla "amina" haijafika chini.

Majina yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la mtu wa Nairobi aliyewahi kucheza ligi kubwa. Aliyemleta alikuwa kijana muuza simu, na alipitisha simu yake meza kwa meza ili watu wamwone huyo bwana akipiga mpira kwa kichwa. La pili lilikuwa la kijana anayefundisha timu ya shule ya sekondari huko Kianyaga, shule ndogo katikati ya majani chai, ambayo siku hizi inazifunga shule kubwa hadi watu wanauliza inakula nini. Huyo tulimjua vizuri. Alikuwa kapteni wetu alipokuwa chuoni, na likizo alipokosa nauli ya kwenda kwao alilala kwangu na kula kwangu. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kila kitu. Jina la tatu lilikuwa la mume wangu.

Mimi nilijifanya nina kazi jikoni. Kati ya jikoni na meza kuna dirisha dogo la kupitishia sahani, na ukisimama kando yake unasikia kila kitu bila kuonekana. Nilisimama hapo na kitunguu mkononi. Nilitaka kujua watu wanasema nini juu ya mtu wangu wakidhani sisikii. Wewe usingetaka?

Yule wa Nairobi walimsifu kwa jina lake, wakamkataa kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja aliuliza kama ataweza baridi yetu, mwingine akasema ataondoka wiki atakayoitwa na timu kubwa. Yule wa Kianyaga walimsifu kwa magoli, wakamkataa kwa umri, ati ni mtoto wa jana, wachezaji watamwita jina lake la utani. Kisha wakafika kwa mume wangu.

"Mwalimu ni mtu mzuri," mwenyekiti akasema.

Wote wakakubali. Mzuri sana, mzuri kabisa, hakuna mtu kama mwalimu. Halafu mmoja akasema "lakini," na akaachia hapo hapo. Na wengine wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba sentensi imekwisha! Loo, nilikaribia kutoka na kisu mkononi. Lakini nini? Mtu anaanza neno anaacha katikati, na watu wazima wanaitikia?

Wiki ile nzima hiyo "lakini" haikuniacha nilale. Nilimwuliza mmoja mmoja. Nilimwuliza wa mitumba akinywa uji, akasema yeye hakuwa amesikia vizuri. Nilimwuliza mwalimu mstaafu, akakumbuka ana mtu anamngojea benki. Niligundua kwamba ukitaka wateja waondoke haraka, wewe waulize tu kuhusu mume wako. Mwishowe kanika mmoja, mtu mnene mpole anayekula ndengu kwangu kila mchana, aliniambia ukweli huku akiangalia sahani.

"Mama, mwalimu hawezi kuweka mtu benchi."

Nilimwuliza anamaanisha nini. Akasema mwalimu anajua nani mama yake ni mgonjwa, nani hajala, nani ameachwa na msichana, na kwa hivyo anamwonea huruma kila mmoja, na timu haiundwi na huruma. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mchezaji, mwalimu alimwingiza uwanjani siku ambayo hakustahili, kwa sababu baba yake alikuwa amekuja kumtazama. Walifungwa siku hiyo. Na hadi leo, akasema, hiyo ndiyo siku anayoikumbuka.

Nilimwongezea ndengu, na pia nilimkasirikia mpaka Ijumaa. Alikuwa amenijibu swali langu, na jibu lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilinichoma. Namjua mtu wangu. Hata paka wa jirani akimtazama mara mbili anammwagia maziwa.

Na mzee wa duka la viatu, yeye alisemaje? Huyu ni Mhindi, babu yake ndiye aliyefungua duka lao mjini, na anaongea Kikuyu safi kuwashinda watoto wangu wanaochanganya na sheng'. Hali nyama, kwa hiyo kwangu anakula ndengu na chapati tu, na kila Jumamosi anaacha duka kwa bintiye aje Ruring'u. Nilipomwuliza, alisema yeye anamtaka mwalimu, basi. Nikamwuliza sababu. Akasema watu wanaotoa sababu nyingi ndio wanaobadilika haraka.

Nyumbani hali ilikuwa ya ajabu zaidi. Mume wangu hakutaja ile kazi hata mara moja. Nilimletea habari zote za mezani, nani amesema nini, nani anaegemea wapi, naye anakula, anatikisa kichwa, ananiuliza kama ng'ombe amepewa maji. Nilipombana, alisema niwaache watu waongee, kuongea hakuchoshi uwanja. Sikuweza kujua kama hataki, au anataka na anaogopa kuonekana akitaka. Miaka yote ya ndoa, na mtu bado amenifungia mlango mmoja! Lakini Jumamosi asubuhi nilimwona amenyoa ndevu, na haikuwa siku ya kanisa. Nikasema, aha.

Mikutano ilikuwa imegeuka vurugu, kila jioni majina matatu yale yale na kelele zile zile. Kwa hiyo mwenyekiti alitangaza kwamba Jumamosi baada ya mechi hakutakuwa na hotuba. Kutakuwa na mlolongo. Vijana walimkodolea macho. Sisi wa umri wetu tuliujua. Hakuna karatasi wala sanduku. Unatoka mbele ya macho ya watu, unakwenda kusimama nyuma ya yule unayemtaka, na mstari mrefu ndio unaoshinda. Zamani wabunge walichaguliwa hivyo, na wazee wanakumbuka jinsi mstari mfupi ulivyotangazwa kuwa ndio mrefu mchana kweupe. Kwa sababu hiyo walimchagua mzee wa viatu awe mhesabu, kwa kuwa hana ndugu kwenye timu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba atahesabu akiwa ndani ya mstari anaoutaka, kwa sababu na yeye ni shabiki.

Mechi yenyewe ilikuwa na timu kutoka Nanyuki, na iliisha sare. Hakuna aliyeitazama vizuri. Baadaye watu walikusanyika nyuma ya goli, ukungu ukianza kushuka, wakafunga macho kwa maombi, na mwenyekiti akawapanga wa mbele. Muuza simu alisimama badala ya mtu wa Nairobi, ameinua simu yake juu yenye ile picha. Kapteni wa sasa akasimama badala ya kijana wa Kianyaga. Golikipa, ambaye goti lake mume wangu ndiye amelilea msimu mzima, akasimama badala ya mwalimu. Mume wangu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa stoo anakusanya mipira, kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma ya golikipa. Walinicheka, wakasema mama ameenda kulinda shamba lake. Niliwaambia shamba lisilo na mlinzi huvunwa na nyani. Mzee wa viatu akaja nyuma yangu, kisha akaja, amini usiamini, yule kanika mnene. Nilimgeukia nikamwuliza, kwani si wewe uliyesema hawezi? Akaniomba nisimwulize.

Kwa muda mstari wa Nairobi ndio uliokuwa ukikua haraka, ukapinda hadi karibu na geti. Nilianza kutokwa jasho. Kumbe! Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni na vikapu walikuwa wameona foleni, na hapa kwetu ukiona foleni unajiunga kwanza, maswali baadaye. Mmoja alimgusa aliye mbele yake akamwuliza kama wanapeana mbolea ama miche. Alipoambiwa wanachagua kocha, alisema kwa hasira kwamba watu wenye akili hawapangi mstari kwa ajili ya mpira, akaondoka na wenzake wote. Mstari wa Nairobi ukabaki mkia tu. Muuza simu akaona aibu, akaingiza simu mfukoni, na watu wake wakagawanyika kwenda kwa wale wawili waliobaki.

Sasa ikawa mistari miwili, wa mwalimu na wa Kianyaga, na huwezi kusema upi ni mrefu. Nilinyoosha shingo. Nilitaka sana kujua nani amesimama kwetu, na kila niliyemwona nilimpenda upya. Wa mitumba alikuwepo. Mwalimu mstaafu aliyekimbilia benki alikuwepo. Watu waliosema "lakini" walikuwa wamekuja kusimama nyuma ya huyo huyo mtu mzuri. Nilisema moyoni, leo, leo ndiyo leo.

Hapo ndipo mume wangu alipotokea kutoka stoo, funguo mkononi.

Watu wakaanza kumpigia makofi. Tulidhani atakuja mbele ya mstari wake kutusalimia. Na kweli alikuja, akampa golikipa mkono, akaniangalia mimi kidogo, kisha akapita. Akatembea taratibu kando ya mstari wa Kianyaga, mtu hadi mtu, hadi mwisho kabisa, akasimama pale nyuma ya mvulana wa bodaboda.

Makofi yalikatika. Mwenyekiti akatoa kofia.

"Mwalimu, hiyo si laini yako."

"Ni yangu," mume wangu akasema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. "Huyo kijana nilimfundisha mimi. Lakini mwaka huu nikikwama, ni yeye napigia simu kumuuliza nifanye nini. Sasa nyinyi mnataka niwafiche hilo?"

Nilihisi kama nimevuliwa kanga mbele ya kanisa. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Si angeniambia? Si angesema jambo moja, jikoni, kabla sijajiweka mbele ya mji mzima kama bendera? Na kabla sijamaliza kuwaza hivyo, mstari nyuma yangu ukaanza kuyeyuka. Mwalimu mstaafu akahama. Wa mitumba akahama. Walihama polepole, vichwa chini, na nikaelewa kwamba hawakuwa wakimwacha. Walikuwa wakimfuata. Walikuwa wamekuja kwetu kwa sababu wanamwamini, na sasa walikuwa wanaondoka kwa sababu hiyo hiyo. Kanika alinigusa bega, akasema pole mama, akaenda. Hata golikipa aliniangalia kwa macho ya kuomba ruhusa, nikamwambia aende, asikae na goti lile kwenye baridi.

Nikabaki mimi na mzee wa viatu.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuniomba. Alisema ni vizuri waende kwa mkuu na sauti moja, asije mtu kusema mashabiki waligawanyika. Alisema hata mwenye jina lake amekubali. Maneno yake yalikuwa sawa. Lakini miguu yangu haikutoka pale. Akamgeukia mzee wa viatu, na mzee akamwambia kwamba dukani kwake mtu akishatoka nje na kiatu mguuni, hakirudishwi. Kisha akafanya kazi aliyopewa. Akahesabu mstari wa Kianyaga hadi mwisho, mume wangu akiwa ndani, na akahesabu wetu kwa sauti ile ile: mmoja, wawili.

Kijana wa Kianyaga alipata kazi. Muuza simu alimpigia pale pale, na watu wakamsikia akiuliza mara mbili kama mwalimu anajua.

Mume wangu alinisubiri getini, tukatembea kwenda nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yaliyopangwa tayari, mengine ya miaka iliyopita, na nilitaka kuyamwaga yote kabla hatujafika kwenye posho mili ya kusagia mahindi. Lakini udadisi ulinizidi hasira, kama kawaida yangu, nikamwuliza kwanza lile swali ambalo wiki nzima nililizunguka bila kuligusa.

"Kwani hukuitaka?"

Tulipita posho mili, tukapita kanisa, tukafika mahali kwenye miti ya wattle ambapo barabara inakuwa ya udongo.

"Niliitaka sana," akasema. "Niliitaka hata leo asubuhi nikinyoa."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakapotea, sijui yalikwenda wapi. Tukatembea kidogo, kisha na yeye akaniuliza lake. Aliuliza kwa nini sikuhama, wakati hata yeye alikuwa amehama na kila mtu ananiangalia. Nilimwambia ule mstari ulikuwa wake, na haungeweza kubaki bila mtu.

Aliushika mkono wangu hapo barabarani, kabla giza halijaingia, jambo ambalo watu wa rika letu huku hawafanyi, na hakuuachilia hata bodaboda zilipopita na vijana wakageuka kututazama. Tuliingia nyumbani hivyo.